Simtanki kubwa, bomba la nusu inchi: nilivyochagua GPU na RAM

Ngoja nianze na aibu yangu ili tuelewane. Miaka kadhaa nyuma nlishuka Kariakoo na hela ya kadi ya grafiki, yani GPU, hela ya kudunduliza hiyo, nikaingia duka moja nikasema nataka kadi ya gemu. Jamaa akanitolea boksi la GT 730, pembeni imeandikwa 4GB kwa herufi kubwa kuliko jina la kadi yenyewe. "Kaka hizo GB nne, GTA utacheza mpaka uchoke." Nikachoka kweli, ila sio kwa kucheza. Nafika geto nawasha GTA V, gari linaanza kukata kona leo linamaliza kesho, nashusha setingi zote mpaka chini kabisa na bado linaganda.

Sahivi najua nliingia wapi mkenge, na wala kadi haikuwa feki. GB nne zilikuwepo. Shida ni kwamba GB zinakwambia ukubwa wa simtanki tu, yani memori ya kadi, hazikwambii bomba la kutolea maji ni la inchi ngapi, yani memori hiyo inapitisha data kwa kasi gani. GT 730 yangu ilikuwa toleo la DDR3, memori ya kizamani, lenye njia nyembamba ya biti 64, inasukuma kama GB 14.4 kwa sekunde basi. Chukua GTX 1650 ya 2019, ina GB nne hizohizo, ila yenyewe inasukuma 128, yani karibu mara tisa. Sasa we pandisha simtanki la lita elfu tano juu ya nyumba alafu toa maji kwa kibomba cha nusu inchi, uone kama wapangaji wote wataoga asubuhi.

Kwaiyo nlivyoamua kujenga mashine upya, prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye madabodi ya B550, kioo cha kawaida cha 1080p, kila kadi nlikuwa naiuliza bomba kwanza, GB baadae. Na ukianza kuuliza hivyo ndo unaona mitego ilivyo mingi. Mfano RTX 3060, watu wanajua ni kadi ya GB 12 na ni kweli, ina njia ya biti 192 na inasukuma 360, ila kuna 3060 nyingine ya GB 8 yenye biti 128 inasukuma 240, jina lilelile, boksi linafanana, usipogeuza kusoma pembeni umeumia. RX 6500 XT nayo ina GB 4 na inaongea na madabodi kwa njia nne tu za PCIe, ile sloti kadi inapochomekwa, ukiichomeka kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 inanyong'onyea. Alafu kuna zile RX 580 zilizoandikwa 2048SP, hizo zimejaa, RX 580 halisi ina kori 2304, vile vijiprosesa vya ndani ya kadi, hii ya 2048 ni kama RX 570 imevalishwa jezi ya kaka yake.

Mwisho nikabaki na mbili, RX 6600 ya AMD na 3060 ya Nvidia ya GB 12. Kama ningekuwa nahariri video za harusi au nacheza na Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ningebeba 3060 bila kufikiria, CUDA, yani kori za Nvidia, zinasaidia sana huko na GB 12 hazikosi kazi. Ila mi nacheza gemu tu, jioni nikitoka job, na pawa saplai yangu ni ya wati 500. Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa 3060, AMD wanasema 450 inatosha kwa 6600, na 6600 inakula wati 132 wakati 3060 inakula 170. Mi ndo nanunua umeme wa LUKU kwaiyo nisiulizwe sana. 6600 bomba lake ni 224, dogo kuliko la 3060, ila ina kashe ya ndani ya MB 32 inayopunguza safari za kwenda memori na kurudi, kwa 1080p inatosha kabisa.

Used lakini, mpya hela haikufika. Na used za kadi hizi ujue nyingi zimetoka kuchimba kripto, Ethereum iliacha kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022 na mizigo ikamwagika sokoni. Kadi ya kwanza niliyoletewa niligeuza nyuma nikaona mafuta mafuta yametoka kwenye pedi za joto yamegandana na vumbi, skrubu zote nne vichwa vimekwaruzwa, feni moja ukiizungusha kwa kidole inasimama palepale. Fundi ananiambia "mkuu hiyo inafutwa tu na spiriti". Nikamwambia futa basi nikuone, akacheka, akaingia ndani akaleta nyingine. Hiyo ya pili nikamwomba aichomeke, nlikuwa na GPU-Z na FurMark kwenye flashi, moja inasoma kadi ni ipi kweli, nyingine inaikamua mpaka ichemke, GPU-Z ikaonyesha biti 128 na GDDR6 kama inavyotakiwa, FurMark nikaiacha robo saa nzima huku jamaa ananitazama kama askari wa TRA. Joto likapanda likatulia, hamna vimistari kwenye kioo, nikalipa.

Sa tuje kwenye RAM, memori ya mashine yenyewe, hapa ndo nliona hadithi ni ileile. Duka linakupa moyo ununue kijiti kimoja cha GB 16, "utaongeza kingine baadae boss". Baadae haifikagi. Kijiti kimoja cha DDR4 3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vya nane nane vinapitisha 51.2, GB ni zilezile 16 ila mabomba mawili, na Ryzen inapenda sana hilo. Kununua 32 niliacha kwa sababu RAM zimepanda bei dunia nzima toka mwishoni mwa 2025, Samsung, SK Hynix na Micron wote wanakimbilia memori za seva za AI, Micron mpaka walitangaza Desemba 2025 wanaachana na Crucial, chapa yao ya RAM za watu wa kawaida. Angalia pia CL, yani RAM inasubiri mizunguko mingapi kabla ya kujibu, nilipata ya CL16, zile za CL22 ni 3200 hiyohiyo ila zinachelewa kujibu.

Na pamoja na ujanja wote huo bado nikachemka. Nimefika home nikachomeka vijiti vyote viwili kwenye sloti zilizofuatana, ya kwanza na ya pili, kwa sababu ndo zilikuwa karibu na mkono. Wiki nzima nacheza naona kawaida tu, siku moja nafungua CPU-Z, programu ya kusoma prosesa na RAM, kwa bahati naona imeandika Single, yani bomba moja tu. Kumbe inatakiwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, imeandikwa mpaka kwenye kijitabu cha madabodi ambacho sijawahi kukifungua. Nachungulia na Task Manager, spidi inasoma 2133. Nimelipia 3200 alafu XMP, ile setingi ya kuipa RAM spidi yake kamili, sijawasha! Nikaingia BIOS, setingi za madabodi yenyewe, nikawasha, kioo kikawa cheusi kama nusu dakika hivi moyo ukanipasuka, ikarudi. Yale mambo ya kuganda kidogo ukiingia mjini kwa spidi yakaisha jioni hiyohiyo.

Ile GT 730 sijaitupa. Ipo stationery kwa shemeji Tabata, inaendesha vioo viwili, kimoja anachapia barua za watu kingine kina tamthilia, na kila nikipita ananiambia shem kadi yako nzuri hii, GB nne.