Maneno ya Star Trek yasiyonitoka kichwani

Jamani wapenzi wa Star Trek, zile siriizi na muvi za safari za anga za mbali, mpo? Jana nimerudia ile muvi ya 1982, ya yule adui Khan, na pale mwisho nimelia tena yani kama ndo naiona mara ya kwanza. Spock, yule ofisa asiyeonyesha hisia, kaingia kwenye chumba chenye mionzi ili meli nzima ya angani ipone, anakufa taratibu nyuma ya kioo, Kirk, mkuu wake na rafiki yake, yuko upande wa pili hata mkono hawezi kumshika, Spock anaanza "mahitaji ya wengi yanazidi...", Kirk anamalizia "mahitaji ya wachache", Spock anaongeza "au ya mmoja". Afu ndo lile linaloniua kabisa, "nimekuwa, na daima nitakuwa, rafiki yako". Kwa mtu aliyejikaza miaka yote kuficha hisia zake, hiyo sentensi ni nzito sana aisee.

Dokta McCoy, daktari wa meli, nae nampenda mno, ile episodi ya 1967 anaambiwa atibu kiumbe cha mawe, anafoka "mimi daktari, siyo fundi mwashi!" na bado anaenda anakiziba kidonda kwa zege na kinapona kweli 😂

Na ile salamu ya vidole ya "ishi miaka mingi na ufanikiwe", Leonard Nimoy, muigizaji wa Spock, aliitoa kwenye baraka za makuhani wa Kiyahudi alizoziona sinagogi akiwa mtoto, napenda sana hiyo stori. Nyie lenu lipi? Ila msiniletee "Beam me up, Scotty" (yani nirudishe melini, Scotty), kwenye siriizi ya mwanzo Kirk hakuwahi kuitamka hivyo neno kwa neno.