Jani la nyanya: la chini au la kileleni?

Kabla ya kuuliza dawa, uliza jani lililoharibika liko wapi kwenye mmea. Kwenye kitalu nyumba cha nyanya swali hilo ni nusu ya kazi, na bado wengi wanaliruka. Wanachuma jani moja la manjano, wanalipeleka duka la pembejeo, na muuzaji ambaye hajauona mmea wenyewe anawafungashia dawa ya ukungu na busta (mbolea ya majani) juu yake. Kwa jani moja mkononi, hata mimi ningekisia tu.

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani makuukuu kulisha machipukizi, ndiyo maana dalili huanzia chini. Kalsiamu na chuma havihami, hivyo vikikosekana huumia majani machanga. Jani la chini likipauka lote, fikiria naitrojeni. Likiungua ukingoni, potasiamu. Likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe imebaki kijani, hiyo ni magnesiamu.

Magnesiamu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Hujitokeza vichala vya kwanza vinapojaa, wakati uleule mkulima ameongeza potasiamu ili matunda yanenepe, na potasiamu ikizidi huizuia magnesiamu kuingia mizizini. Akiona njano anaongeza mbolea ileile, na njano inapanda. Punguza potasiamu, kisha nyunyizia salfeti ya magnesiamu gramu 15 kwa lita, yaani gramu 300 kwa bomba la lita 20, jioni jua likishapoa. Rudia baada ya wiki. Usitegemee jani la njano kurudi kijani. Linaloonyesha kama umefaulu ni lile la juu yake.

Njano hiyohiyo katikati ya mishipa ukiiona kileleni, ni chuma, na mara nyingi chuma kimo kwenye udongo ila pH (kipimo cha uchachu) imekifunga. Pima maji kwanza, hasa ya kisima chenye chokaa. Nyanya hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8 kwenye udongo, na 5.5 hadi 6.5 kwenye makumbi ya nazi au mboji ya vyungu. Kati ya mbolea za chuma, ile ya EDTA huanza kushindwa pH ikipita 6.5, ya EDDHA huhimili hadi karibu 9, ingawa bei yake inauma.

Kwenye vyungu, ncha za majani zikikauka, pima pia EC (kipimo cha chumvi, kwa mS/cm) ya maji yanayotoka chini. Ukimwagilia kwa 2.5 na yanayotoka yanasoma zaidi ya 4, chumvi imejikusanya. Mwagilia maji matupu mpaka kipimo kishuke. Mbolea ikae stoo kwanza.

Kujikunja nako kuna mambo mawili tofauti. Majani ya chini yaliyojiviringisha kwenda juu, magumu kidogo lakini kijani, yametokana na joto, kupogoa kupita kiasi au maji yasiyo na ratiba. Yaache. Kilele kilichodumaa, chenye vijani vidogo vya njano ukingoni vilivyojikunja kama kikombe, ni rasta, virusi vinavyobebwa na inzi weupe. Hapo hakuna dawa. Funika mmea kwa mfuko kabla ya kuung'oa ili inzi wasitawanyike, kisha kagua wavu na mlango.

Vitone vidogo vyeupe juu ya jani, kama limechomwachomwa sindano, vipime kwa karatasi nyeupe. Kung'uta jani juu yake mara tatu, subiri. Vumbi halitembei. Nukta zikianza kutambaa, pitisha kidole juu yake. Utitiri, vijidudu vidogo vinavyofyonza jani, huacha mchirizi wa rangi ya kutu. Dawa ipulizie chini ya jani, maana ndiko wanakoishi, na ubadilishe kundi la dawa kila awamu. Utando ukishaonekana, umechelewa kidogo.

Kuna mnyauko, ambao watu huutibu kwa kuongeza maji. Mmea ukilala mchana majani yakiwa bado kijani na udongo una unyevu, kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ndani ya dakika chache nyuzi kama maziwa zikishuka, ni mnyauko bakteria. Zisiposhuka, pasua shina: kahawia chini ya ganda, na majani yaliyoanza njano upande mmoja, huelekeza kwenye fuzari, mnyauko wa ukungu. Ukiwa ni wa bakteria, ng'oa mmea pamoja na udongo wake, osha kisu kwa jiki kabla ya kugusa mwingine, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Kama ni lazima nyanya irudi, tumia miche iliyobebeshwa kwenye shina kinzani.