Nilivyojifunza Kunyamaza Ili Mwanangu Aanze Kuomba

Mwanangu alianza kutembea akiwa na miezi 26, na hadi wakati huo kila mgeni wetu alikuwa na jamaa yake fulani aliyechelewa kutembea kisha akawa mkimbiaji hodari. Alipokwisha kutembea lakini bado bila neno hata moja, jamaa hao hao wakageuka kuwa watu waliochelewa kusema kisha wakawa mawakili. Niliwasikiliza karibu mwaka mzima, na mwaka huo bado unaniuma. Mtoto ambaye hajabwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole afikapo miezi 12, au hajaunganisha maneno 2 afikapo miezi 24, ni wa kupelekwa akachunguzwe, hata kama baadaye itaonekana kwamba hakuna tatizo.

Tulianza na masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga sauti, na hata kimiminika kinachotuama nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu bila maumivu yoyote. Kipimo kilimtaka awe usingizini, basi nikamzuia kulala usiku kama nilivyoelekezwa. Akalala fofofo njiani, akaamka mlangoni pa kliniki akiwa mchangamfu kuliko sisi sote. Tulirudi mara ya pili. Masikio yalikuwa mazima, na baada ya uchunguzi mwingine tukaelezwa kwamba ukuaji wake umechelewa katika nyanja kadhaa: misuli milegevu, usemi, na uelewa.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alipendekeza kadi za picha, ambazo mtoto angetukabidhi ili kuomba anachotaka, nami kwa kiherehere changu nikachora zipatazo 40 kwa wiki mbili za usiku, kila moja na rangi zake, nikazipanga ukutani kama maonyesho. Mwanangu alizitazama kwa adabu, akang'oa ya kikombe, akaitafuna. Nilikasirika sana, ingawa sasa naona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili: kikombe changu cha kuchora hakikufanana na kikombe chochote alichowahi kukishika. Nilianza upya kwa picha moja tu ya kamera, ya chupa yake mwenyewe ya mapovu ya sabuni.

Chupa hiyo ndiyo iliyonifunulia kosa langu kubwa. Nilikuwa mama hodari mno wa kubashiri. Akigeuza shingo naleta kitu cha kuchezea, akikunja uso naleta maji, na watu wakanisifu kwamba ninamwelewa bila maneno. Ndiyo, na kwa sababu hiyo hakuwa na haja ya maneno. Basi nikapuliza mapovu mara moja, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikamkabidhi chupa na kufunga mdomo. Alijaribu kukifungua kwa mikono, kwa meno, kisha kwa kukibamiza sakafuni. Mimi nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo hadi 10, nikifika 7 ulimi unaniwasha kusema, "Leta nikusaidie." Siku tatu za kwanza nilisalimu amri. Siku ya nne alisimama, akanitazama machoni, akaniwekea chupa mapajani. Nilipuliza mapovu mpaka nikapata kizunguzungu.

Kutoka hapo kumfundisha kutumia ile kadi ya mapovu ilikuwa rahisi, mradi tuwe watu wazima wawili. Dada yangu aliketi nyuma ya mtoto bila kutamka chochote, akauongoza mkono wake kuiokota kadi na kuitia kiganjani mwangu, nami papo hapo nikapuliza. Nilikatazwa kuuliza, "Unataka nini?", maana angezoea kungoja swali badala ya kuanza mwenyewe. Dada aliupunguza msaada kidogo kidogo, kutoka kiganja hadi kiwiko, kisha akaketi tu akitafuta la kufanya.

Mama mkwe alionya kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Nilimjibu kwa heshima kwamba utafiti haujaonyesha hivyo, kisha nikaendelea. Neno lake la kwanza, "po", lilitoka akiwa na miaka 3 na miezi kadhaa, huku kadi ya mapovu ikiwa mkononi.

Sasa ana miaka 5, maneno kama 20 hivi, na kadi kwa mengine yote. Ya hivi karibuni ni kadi ya kukataa, ambayo niliifundisha kwa bidii na ninajuta kidogo, kwa kuwa huniletea kila jioni wakati wa kuoga. Kuipuuza siwezi, kwa sababu kadi isiyojibiwa mtoto huitupa. Kwa hiyo ninaipokea, ninamwonyesha saa ya mchanga ya dakika 5, na mchanga ukiisha tunakwenda kuoga, yeye akiwa ameishika kadi yake juu ya kichwa isilowe.