Mililita 750

Mama mkwe wangu alitaka mjukuu wake atundikiwe dripu, na mpaka leo simlaumu. Alikuwa amekuja Dodoma mjini kutoka Mvumi kututembelea, mume wangu yuko safarini na lori upande wa Singida, kwa hiyo usiku ule tulikuwa sisi wawili tu na binti yangu wa mwaka mmoja na miezi minne. Ilikuwa Julai 2019. Wakati huo tulipanga Nkuhungu, na wanaokaa Dodoma wanaijua miezi hiyo: asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria lililofunikwa. Maji ya bomba tulikuwa tunakinga siku yakitoka na kuyahifadhi kwenye madumu.

Mtoto alianza kwa kutapika uji wa jioni. Nikadhani umemkinai. Baadaye akatapika na ziwa nililomnyonyesha, kisha tumbo likafunguka. Kinyesi kikawa maji matupu, hakina damu, kinapanda hadi mgongoni; nafua nepi hii, ile niliyomfunga imeshalowa. Mama akawa ananipokea nguo na kuzisuuza uani kwenye baridi, bila hata kusubiri nimwombe.

Jirani aliposikia kilio akaja na khanga mabegani. Akamwangalia mtoto mdomoni, akasema nimtazame vizuri ufizi, huenda ni meno ya plastiki, na anamfahamu mama mmoja anayeyatoa. Nilimshukuru kwa kuja, lakini hilo nililikataa palepale. Sina maneno ya kupamba hapa. Mtoto anaharisha, wewe unampeleka akachanwe ufizi kwa kitu ambacho hakijachemshwa, atoke damu na apate kidonda juu ya ugonjwa alionao! Wanachokiita meno ya plastiki ni meno yake mwenyewe ambayo hayajachomoza. Nimeona mtoto aliyefanyiwa hivyo na sitaki kuona mwingine.

Kilichonitia hofu hasa ni kilio chenyewe. Alilia mdomo wazi, sauti inatoka, uso umekunjamana, ila machozi hakuna. Nilimpitisha kidole chini ya jicho kukawa kukavu kabisa. Midomo ilikuwa imeanza kunata, na macho, kwa mwanga wa taa ya simu, niliyaona yameingia ndani. Nilimnyonyesha kila alipotaka na kumpa maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo.

“Usimpe maji mengi, mwanangu,” mama akasema. “Utamwongezea kuharisha.”

“Mama, anakauka.”

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kunisimulia: kabla yake kulikuwa na mwingine, wa kiume, aliyepata ugonjwa huuhuu. Wazee walikataza asipewe maji ili tumbo lifunge. Walipoamua kumpeleka hospitali alikuwa hawezi tena hata kunyonya. “Kukicha tu twende,” akasema. “Twende wamtundikie dripu.”

Kulipopambazuka tukapanda bajaji hadi kituo cha afya.

Pale tulipokelewa na nesi, kijana wa kiume, ambaye alimwamkia mama kwa Kigogo, “Mbukwenyi, bibi,” na nikaona mabega ya mama yakishuka. Akampima mtoto uzito. Kadi ya kliniki ya mwezi uliopita ilionyesha kilo 10.6, mizani ikasoma kilo 10 kamili. Akaangalia pia kama amepata chanjo ya rota ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10. Alikuwa amezipata zote. Nikamuuliza kwa nini basi anaharisha, akanijibu kwamba chanjo ile, ambayo nchini tulianza kuitoa mwaka 2013, inapunguza kuharisha kukali kwa kirusi cha rota, lakini vimelea vya kuharisha ni vingi na vingine haina habari navyo.

Kisha akamlaza, akaikamata ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaivuta na kuiachia. Haikurudi papo hapo. Ilibaki imesimama kidogo, ikalala taratibu. Hicho kitendo cha muda mfupi vile kilinitetemesha kuliko usiku mzima.

“Anahitaji dripu,” mama akasema.

Nesi hakumbishia. Alichukua kikombe chenye ORS, yale maji ya kopo yenye chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, akakisogeza. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akakivuta, akanywa kwa pupa hadi ikamwagikia shingoni. “Bibi, unaona? Ana kiu na anaweza kunywa. Angekuwa amelegea, hatuamshi, kikombe hakitaki, saa hizi ningekuwa natafuta mshipa. Huyu dawa yake itapita mdomoni.” Akapiga hesabu mbele yetu: mililita 75 kwa kila kilo, mara kilo 10, ni mililita 750 ndani ya saa nne. Akazipima kwenye jagi lenye mistari, akanipa na kijiko cha chai. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, anza upya, polepole zaidi. Ziwa nalo apewe akilitaka.

Nilipomuuliza ORS inazuiaje kuharisha, alisema haizuii, na ndiyo maana watu wanaidharau. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea. Utumbo hata ukiugua unaendelea kupokea sukari na chumvi vikiwa pamoja kwa kipimo kile, na vikiingia vinayavuta maji nyuma yao. Ndiyo sababu soda na juisi hazifai: sukari ikizidi inayavuta maji kurudi tumboni, mtoto akaharisha zaidi.

Saa ya kwanza alitapika. Mama akaniangalia, na nilijua anawaza nini. Tukasubiri, tukaanza tena. Nilipochoka mkono akanipokea kijiko, akamkalisha mjukuu wake mapajani, akawa anahesabu kwa sauti ya chini kisha anamwambia, “Kunywa, mama. Haya, kingine, mama yangu.” Hakunirudishia tena kile kijiko. Kila baada ya muda aliinua jagi kutazama mstari, kama mtu anayepima mafuta ya kuuza.

Karibu na saa ya tatu akashtuka, akainua kitenge chake. “Amekojoa! Amenikojolea!” Akamwita nesi kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka. Wanawake wengine wakacheka naye. Mimi nililia, sioni aibu kuliandika. Nesi aliporudi kumpima mwisho wa zile saa nne, ngozi ya tumbo ilirudi mara moja, na alipomsogezea kipimajoto mtoto akapiga yowe, machozi yakamtiririka.

Tulirudi nyumbani na pakiti za ORS na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kwa siku, unakiyeyusha kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Nesi alisisitiza tumpe hadi siku ya 10 hata kama kuharisha kumekoma, na alikuwa sahihi kusisitiza, maana kulikoma mapema na ningeshawishika kuviacha. ORS iliyokorogwa ikifikisha saa 24 tulikuwa tunaimwaga na kukoroga nyingine. Mama akashika jukumu la uji wa uwele.

Msimu wa baridi uliofuata alinipigia simu kutoka Mvumi. Mtoto wa wifi yangu ameanza kuharisha, pakiti za ORS wamepata, ila jagi la nyumbani halina mistari.

“Chupa mbili zile za maji za nusu lita, si ndiyo?”

“Ndiyo mama, zijae, kwa pakiti moja. Na akishindwa kunywa, akilegea, au mkiona damu kwenye choo, msisubiri kukuche.”

“Anakunywa vizuri. Asubuhi tunampeleka zahanati wamwangalie, akachukue na zile zinki.” Kisha nikamsikia akimwambia wifi yangu apunguze, kijiko kimoja kimoja, asimharakishe mtoto.