Kushuti wasanii bila spika, nyuma ya jukwaa

Watu wakiskia nashuti kwa tamasha za muziki wanadhani mimi ni wale wa kusukumana mbele ya steji na kamera kubwa. Hapana, sisi tuko huko nyuma, karibu na mahema ya wasanii na malori ya vyombo, tunatafuta mahali pametulia kidogo tuweke kiti, maiki mbili na kamera tatu, halafu tunaomba msanii atupigie wimbo mmoja au mbili kabla apande steji ama akishashuka. Gita lake ama nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, na sauti, basi. Hakuna spika, hakuna keyboadi ya kujazia.

Na naipenda hii kazi sana. Tamasha za nje hapa Nairobi zimeshika tangu Blankets & Wine ianze 2008, na ukiwa kwa umati raha ipo, lakini kuna vitu spika kubwa haiwezi kukupa, vile vidole vinateleza kwa waya, vile mtu anavuta pumzi kabla ya mstari mgumu, vile mguu wake unahesabu chini. Hizo ndizo natafuta, na hizo ndizo ngumu kupata kwa sababu tamasha ni kelele mwanzo mwisho.

Mara ya mwisho tulikuwa upande wa Lang'ata Road. Kama unajua hiyo sehemu unajua uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo hapo, ndege ndogo za kwenda Mara zinapaa na kutua, na maiki nzuri inaziskia kabla yako. Sasa ikitokea ndege katikati ya wimbo unafanya nini? Kuna wenzangu wanasimamisha msanii, aanze upya. Mimi siwezi. Mtu akishaingia ndani ya wimbo mwache aimbe, kwa sababu ukimwambia arudie atakupigia noti zile zile lakini ile kitu ya kwanza imeenda, na mtazamaji atasamehe ndege lakini hatasamehe msanii amechoka. Jenereta ni hadithi nyingine, hiyo inanguruma bila kupumzika, dawa ni kwenda mbali nayo na kumkalisha msanii ili mgongo wa maiki ndio uangalie jenereta. Na besi ya steji kubwa haina dawa kabisa, inapita kwa hema, kwa ukuta, kwa manyoya ya maiki, kila mahali. Kwa hivyo tunafanya kazi wakati bendi zinabadilishana. Hapo steji inanyamaza, mafundi wanahamisha ngoma na waya, na sisi tunakimbia.

Siku hiyo mzee mmoja wa nyatiti ndiye alinifurahisha zaidi. Nilimsalimia, nikamuuliza habari ya safari, akaketi kwa kigoda chake kile kifupi, akaweka nyatiti chini, akaangalia kamera zote moja moja bila haraka.

"Kijana, hiyo ya mbele inaona mguu?"

"Inaona mzee, mpaka vidole."

"Basi tuendelee."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nyatiti ina nyuzi 8, na watu wengi wakishuti wanavuta karibu kwa mikono na uso, ukiangalia ile video unashangaa ngoma inatoka wapi. Inatoka chini. Kwa kidole gumba cha mguu wa kulia mchezaji anavaa pete ya chuma, Wajaluo wanaiita oduong'o, anaigonga kwa mbao ya nyatiti yenyewe, na mguu huo huo umefungwa njuga, gara, kwa hivyo mtu mmoja anapiga nyuzi, anapiga ngoma, anatingisha njuga na bado anaimba. Ukikata mguu kwa fremu umefukuza nusu ya bendi. Sisi tuliweka kamera moja chini kabisa usawa wa pete, maiki ya kwanza ikaelekea nyuzi kwa upande, ya pili ikakaa chini na mbali kidogo, maana gara ni kali na ukiileta karibu inameza kila kitu. Alipoanza, ile pete ikiguswa na jua ilikuwa inamulika kila ikigonga, na mbao pale inapogongwa imeisha rangi, imebaki nyeupe. Nilikaa na hedifoni nikiangalia hiyo sehemu tu mpaka wimbo ukaisha.

Baada yake wakaja vijana wawili wa omutibo, ule mtindo wa gita wa Waluhya ambao George Mukabi aliufanya ujulikane miaka ya 50 mpaka mwanzo wa 60. Mmoja na gita, mwenzake na chupa ya soda ya kioo anaikwaruza na chuma. Ile chupa usiidharau, sauti yake ni nyembamba na inakata kuliko gita, ukiwakalisha sawasawa mbele ya maiki utaskia chupa tu. Tulimsogeza wa chupa pembeni, pale maiki haiskii vizuri, gita ikajitokeza na vidole viwili vya huyo kijana vikaanza kuongea, kimoja besi kimoja melodi.

Wanaoanza hii kazi huwa wananiuliza kuhusu seting kwa hivyo wacha niandike hapa. Rekoda iwe 48 kHz sawa na kamera, picha 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde kwa sababu stima yetu ni ya 50 Hz, ukikosea hapo taa za hema zinaanza kupepesa kwa video. Piga makofi mara moja mbele ya maiki, kamera zote zikiona, ndio ulinganishe sauti na picha baadaye. Na kama unatumia sauti ya kamera yenyewe kulinganisha, kumbuka sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kamera ikiwa mita 14 hivi kutoka kwa msanii sauti yake tayari imechelewa fremu moja, na kwa mtu anayechapa nyuzi haraka jicho linaona. Jua nalo usilingoje. Tuko karibu na ikweta, saa 12:30 jioni hivi limezama mwaka mzima, na giza linaingia haraka, ule mwanga mzuri wa dhahabu unapita ukiwa bado unatafuta betri.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Ongea na msanii kabla ya kubonyeza rekodi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mtumbuizaji haki juu ya kurekodiwa kwake, lakini hata bila sheria, huyo mzee alibeba nyatiti mpaka hapa, ana haki ya kujua video inaenda wapi na nani atapata pesa ikiwa itauzwa. Sisi tunaandika kwa karatasi kwa Kiswahili rahisi, tunamsomea, anauliza maswali yake, anatia sahihi, anabaki na nakala yake. Na akitaka video usimtumie kwa WhatsApp ukasema umemaliza, inabanwa mpaka zile nyuzi zinaskika kama mabati. Mpe flashi, faili kamili, sauti peke yake na picha peke yake kama anataka.

Kwa waandaaji wa tamasha ambao wanasoma hii: tupeni kona mbali na jenereta na mtutumie ratiba ya bendi kubadilishana siku moja kabla, hata kama itabadilika. Kiti tutakuja nacho.