Siku moja maishani mwangu: fundi wa kompyuta Luthuli, na pampu ya mzee saveya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko stejini Umoja, mat imejaa hadi mlangoni na nauli imepanda juu ya manyunyu, manyunyu jameni, hata si mvua, lakini makanga akishaamua ameamua. Tusonge. Mimi ni fundi wa kompyuta, niko na kaduka ghorofa ya pili kwa jengo moja hapa Luthuli Avenue, Nairobi, nashea na dada wa vioo vya simu na jamaa wa saa, na watu hufikiri tunakaa tu huko juu tukibonyeza.

Saa mbili kasoro hivi nafungua. Kijana wangu wa atachimenti ameshafika, anafagia. Kabla hata chai haijaletwa mzee mmoja anaingia, nyuma yake kuna mbeba mizigo amebeba desktopu kubwa nyeusi imefungwa na leso.

"Habari ya asubuhi, msichana wangu."

"Nzuri mzee, karibu uketi. Inasumbua nini?"

"Inazima. Nikianza kuchora dakika kidogo tu inakuwa nzito, halafu inazima. Lakini nikiipiga kofi hapa kando inakubali."

Namuuliza ni nani alimfundisha kuipiga kofi, ananiangalia vile wazee huangalia watoto, "Kwani TV tulikuwa tunatengeneza na nini?"

Mzee ni saveya, mpima mashamba. Mashine ni ya 2014, prosesa, ule ubongo wake, ni i7-4790K ya Intel, ramu, kumbukumbu yake ya muda, ni DDR3, na kitu mnaweza kuuliza ni mbona asinunue mpya. Programu yake ya kuchora ploti alinunua kitambo na leseni imefungiwa kwa hiyo mashine. Windows 11 haiitaki prosesa hiyo, wanaanzia kizazi cha 8 cha Intel na yake ni ya 4, na Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Kwa hivyo yeye aliitoa kwa intaneti kabisa, anachora, anaweka kwa flashi, anaenda kuprinti. Mimi naona ako sawa. Mashine inayomlipia mtu bili si takataka.

Saa mbili na nusu tunaiwasha ikiwa imefunguliwa ubavu. Ndani kuna kipozeo cha maji, ile aina inakuja imefungwa kiwandani: pampu imekalia prosesa, mipira miwili, halafu redieta yenye feni mbili, ni redieta ya gari tu lakini hii haina kifuniko cha kuongezea maji. Na inalia. Si feni, ni ile sauti ya maji yakigugumia kwa mpira, na chini yake kitu kinakwaruza.

Namwambia kijana weka mkono kwa redieta, anasema iko baridi. Sasa shika mpira pale unapoingia kwa pampu, anautoa mkono haraka. Hapo nikamwambia usiangalie skrini bado, jibu umeshalipata kwa vidole, joto linatoka kwa prosesa linafika kwa pampu linakwama hapo, halifiki kwa redieta. Ndio tukaangalia skrini sasa. Bayosi, ile programu ya ndani inayoamsha mashine, inasema pampu inazunguka vizuri tu, zaidi ya 2,000 kwa dakika, na hii ndio huwachanganya watu wengi kwa sababu kuzunguka si kusukuma. Tukaipa kazi kidogo, haikumaliza hata dakika mbili ikagonga digrii 100, kasi ikaanguka kutoka 4.4 GHz hadi 0.8, prosesa inajiokoa yenyewe. Ikizidiwa kabisa inazima. Mzee akatikisa kichwa, "Si nilikwambia."

Na kofi lake kumbe lilikuwa na maana. Maji ya hivi vitu hupungua pole pole, yanapenya kwa mpira miaka nenda miaka rudi hata kama hakuna mahali panavuja, na nafasi yake inaingia hewa. Hewa hupanda juu. Aliyeiunda aliweka redieta chini kabisa ya kasha na pampu ikawa juu, kwa hivyo hewa yote inaenda kukaa pale pale kwa pampu. Ukiitikisa inasonga kidogo, maji yanapita, unapata nusu saa ya kazi. Redieta ingewekwa juu labda ingeishi zaidi, lakini pia miaka kumi na kitu kwa pampu ya maji ni mingi, nyingi zinachoka kabla ya hapo.

Saa tatu na nusu tunaongea pesa. Mzee anataka arudishiwe ya maji, "ile ile." Nikamwambia hapana, na hapa huwa sibembelezi mtu. Ya maji mpya inapita elfu kumi, inakuja na pampu nyingine itakayokufa siku moja, na ikiamua kuvuja itavujia hiyo madabodi, bodi kuu ya mashine, ambayo hautapata mpya tena dukani. Ya hewa ni kipande cha chuma na mirija ya shaba. Kitu kinaweza kufa hapo ni feni, na feni unashuka ngazi tu hapo chini unapata ya mia chache. Akafikiria, akasema, "Sawa, lakini isipige kelele."

Saa nne natoka kutafuta. Luthuli saa nne ni spika zinashindana, mikokoteni, watu wa TV wanakuvuta mkono. Nimepata ya mirija minne na feni ya milimita 120 kwa elfu tatu na mia tano, jamaa alikuwa ameanza na tano. Muhimu kabla ya kulipa: nilishapima kasha kutoka kwa prosesa hadi ubavu, iko sentimita 16 na kitu, na hii kipozeo ni 15 na nusu. Matundu si shida, soketi, pale prosesa inapokaa, ya 1150 ambayo ndiyo ya hii na ya 1155 na ya 1151 hadi ya 1200 matundu yake ni yale yale, kwa hivyo za sasa nyingi zinaingia ukiangalia boksi. Nikapitia kwa duka la vifaa vya maabara nikachukua aisopropili, spiriti safi ya kufutia, ile spiriti ya kidonda siipendi kwa hii kazi, zingine ziko na mafuta ndani.

Saa tano. Kijana amepiga picha za mipangilio yote ya bayosi kwa simu, kwa sababu betri ile ndogo ya CR2032 tunabadilisha pia na nikiitoa kila kitu kinasahaulika, na kama diski zilikuwa zimepangwa kwa njia fulani mashine inaweza kukataa kuwaka na mzee apate presha bure. Tukaiacha ipate joto kidogo, tukazima, tukatoa waya wa ukuta. Pampu usiivute juu, unaizungusha kushoto kulia taratibu hadi pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, iachilie. Kwa hizi Intel prosesa imefungiwa chini ya fremu, lakini kwa AMD za soketi ya AM4, prosesa za kampuni nyingine, nimeona watu wakiivuta ikatoka na prosesa, pini zimepinda, machozi.

Pesti ya zamani imekauka inatoka kama unga. Tishu na aisopropili, unafuta hadi uone maandishi ya prosesa yote. Bati la nyuma la kushikilia kipozeo limeingia bila kutoa madabodi kwa sababu kasha lina dirisha huko nyuma, asante aliyelifikiria. Pesti mpya tone moja katikati saizi ya njegere ndogo, skuru nakaza mshazari, huyu kidogo, yule wa upande ule kidogo, hadi zigome. Feni ikagonga ramu, zile za DDR3 zenye mabati marefu, nikaipandisha nusu sentimita ikapita. Na hakikisha inapuliza kuelekea nyuma ya kasha.

Saa saba, chapo madondo. Mzee amekataa kwenda, anakula hapo hapo akilinda mashine yake.

Saa nane kijana anataka kuona ndani ya pampu, tukaikata juu ya chupa ya soda. Maji yaliyotoka ni kidogo na ni ya rangi ya chai. Ukifungua bati la chini kuna vijichuma vya shaba vyembamba kuliko kurasa za daftari, maji yanatakiwa kupita katikati yake, na vyote vimezibwa na utelezi wa kijani. Redieta ni alumini, bati ni shaba, metali mbili kwa maji mamoja, dawa ya kuzuia kutu ikiisha nguvu zinaanza kulana. Mzee akainama akaangalia sana. Tena maji hayo usimwage mahali paka anaweza kulamba, mengi yana glaikoli, na aina zingine ni sumu.

Saa tisa tumewasha. Waya wa feni nimeuchomeka pale kwa CPU, tundu la feni ya prosesa, maana bila hiyo bodi inalalamika na kusimama, na kwa bayosi nimetoa ule mpangilio wa kuendesha pampu mwendo mmoja wa juu, sasa feni inafuata joto. Ikitulia ni digrii 37. Tukaipa kazi nzito nusu saa, ikapanda ikakwama kwa 74 hivi na kasi haikushuka. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na feni inabeba joto kidogo kuliko ingebeba Mombasa, lakini Mombasa nayo ina joto lake na chumvi, kila mtu na msalaba wake.

Saa kumi na moja mzee ametuma M-Pesa na ameita bodaboda. Nikasema hapana tena. Hicho chuma kinaning'inia kwa bodi mashine ikisimama, na matuta ya huku tunayajua, kwa hivyo inasafiri ikiwa imelala kwa ubavu, kipozeo kikiangalia juu. Tukabishana hapo kwa ngazi hadi jamaa wa saa akaingilia upande wangu. Mzee akaita teksi akinuna, ikalazwa kiti cha nyuma, yeye mwenyewe akakaa kando yake ameishika.

Saa tatu usiku ujumbe umeingia, picha ya skrini, 68. Ananiuliza hiyo ni homa ama ni kawaida. Nimemwambia ikifika 90 ndio anipigie, na asiipige kofi.