Kabla ya kusaini ED, piga hesabu

Fomu ya Early Decision, ambayo wengi wanaiita ED tu, husainiwa na watu watatu: mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule. Unachagua chuo kimoja cha Marekani, unatuma ombi kabla ya Novemba 1 au 15, na jibu linatoka katikati ya Desemba. Ukikubaliwa, umeahidi kwenda na kuondoa maombi yako kwingine. Duru ya pili, ED II, hufungwa mwanzoni mwa Januari. Usiichanganye na Early Action: hiyo nayo hujibu mapema, ila haikufungi.

Chuo kinachotafuta ni uhakika. Karibu kila anayekubaliwa kwa ED anaripoti, ndiyo maana vyuo kadhaa hujaza nusu ya nafasi za mwaka wa kwanza kwa njia hii, na asilimia ya wanaokubaliwa huwa kubwa kuliko katika duru ya kawaida. Asilimia hiyo isikulevye. Ndani yake wamo wanamichezo ambao makocha walishawachagua, na mara nyingi watoto wa waliosoma hapo. Ukiwatoa hao, faida inayobaki kwa mwombaji wa kawaida ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Tatizo la haki liko kwenye bei. Familia yenye uwezo husaini bila kuwaza. Familia inayohitaji msaada huahidi kabla ya kuona ofa, na haitapata ofa ya chuo cha pili ya kulinganisha nayo. Chuo kinajua hivyo, na kwa mwanafunzi ambaye tayari amefungwa hakina haja kubwa ya kumvutia kwa ufadhili wa ufaulu. Lawama hizi si za jana. Mwaka 2006 Harvard, Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia zilitangaza kufuta maombi ya mapema kwa sababu ya usawa. Baadaye zote tatu ziliyarudisha, ingawa Harvard na Princeton ziliyarudisha bila sharti la kumfunga mwanafunzi. Agosti 2025 vyuo 32 vilishtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa madai kwamba ED inaua ushindani na kupandisha bei.

Mlango wa kutokea upo: ofa ya msaada isipotosha kukuwezesha kusoma, unaweza kuomba kuachiliwa. Lakini “haitoshi” lazima uithibitishe kwa tarakimu, kwa hiyo kazi inaanza Oktoba. Kila chuo kinachopokea fedha za msaada za serikali kuu lazima kiwe na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake, yaani cha kukadiria utakacholipa baada ya msaada. Kijaze pamoja na mzazi, mkiwa na karatasi za kodi mkononi, kisha hifadhi matokeo yakiwa na tarehe. Kikokotoo hukosea zaidi pale wazazi walipotengana, penye biashara ya familia, au penye nyumba ya pili. Kwa asiye raia wa Marekani mara nyingi hakifai kabisa. Aandikie ofisi ya msaada moja kwa moja. Vyuo vingi pia huangalia uwezo wa kulipa wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumkubali, na asiyeomba msaada tangu mwanzo huenda asiruhusiwe kuomba baadaye.

Barua ya msaada ikifika, tenganisha ruzuku na mkopo. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 90,000, na barua inatamba kwa kifurushi cha 60,000: ruzuku 52,000, mkopo 5,500, kazi ya chuoni 2,500. Bei yako si 30,000. Ni 38,000, kwa sababu mkopo utaurudisha na kazi utaifanya. Gharama zikipanda asilimia 4 kila mwaka na ruzuku ikibaki palepale, miaka minne itakula zaidi ya 174,000, si 152,000. Kwa hiyo uliza kwa maandishi kama ruzuku hupanda pamoja na ada, na kama ufadhili wa nje utapunguza mkopo au utakata ruzuku yenyewe.

Ofa isipotosha, usilipe amana ya kushika nafasi na usiondoe maombi mengine bado. Andika ndani ya siku chache kuomba ofa ipitiwe upya. Ambatisha matokeo ya kikokotoo na ushahidi wa jambo ambalo fomu haikuliona, kama kazi iliyopotea, bili za hospitali au mzee anayetunzwa. Omba tarehe ya amana isogezwe. Wakikataa, omba kuachiliwa kwa barua na umjulishe mshauri wa shule siku hiyohiyo. Hakuna anayeburutwa mahakamani kwa kuvunja ED, lakini shule inaweza kuumia: mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Tulane kiliifungia shule moja ya Colorado isitume waombaji wa ED kwa mwaka mzima baada ya mwanafunzi wake kujitoa. Barua yenye hesabu ndiyo inayomtofautisha aliyeshindwa kulipa na aliyebadili mawazo.

Tena, maombi ya duru ya kawaida yawe yamekamilika kabla ya jibu la Desemba. Vyuo vingi hufunga karibu na Januari 1, na insha sita haziandikiki vizuri ndani ya wiki mbili, walimu wa kukuandikia barua wakiwa likizo.